Matundu Mia Tatu ya Akiba

Nimefanya kazi chini ya wajinga wanne maishani mwangu, na Dokta Fitsum ndiye pekee kati yao aliyekuwa na shahada tatu. Wale wengine walijua kwamba hawajui, wakaniacha nifanye kazi. Huyu alikaa ng'ambo miaka kumi na tisa, akarudi Addis Ababa na skafu shingoni ambayo hakuivua hata jua la saa saba likichoma, akafungua ofisi ya usanifu ghorofa ya nne, na mlangoni akabandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko za kampuni yenyewe.

Mimi naitwa Askale, na kazi yangu ni kupanga visahani. Watu hudhani maji machafu ya mji husafishwa kwa dawa. Husafishwa na vijidudu, na vijidudu navyo lazima vipumue. Kwa hiyo sakafuni mwa tangi tunalaza mabomba, na juu ya mabomba tunafunga visahani vya mpira vyenye vitobo vidogo kuliko ncha ya sindano. Mashine ikipuliza hewa, kila kisahani kinatoa mapovu madogo yanayopanda polepole, na vijidudu vinapata pumzi. Ukiweka visahani vichache, vijidudu vinakufa na tangi linaoza. Ukiweka vingi, umeme wa mji unaishia majini. Pale maji yanapoingia yakiwa mabichi unavisonganisha, na kadiri unavyokaribia mlango wa kutokea unavitawanya. Hayo yote ni hesabu, lakini kabla ya hesabu lazima ujue uchafu huo unatoka kwa watu gani, na watu hao wanakula nini, na lini.

Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili kwa stashahada. Kwetu bila shahada huitwi inginia hata ukisimamisha mnara peke yako. Mtu mwenye digrii aliyeanza kazi juzi na hajawahi kunusa tangi anaitwa Inginia na mlinzi wa getini, na mimi naitwa Askale. Dokta Fitsum aliniita "mchoraji wangu", kwa sauti ile ile ya mtu anayesema mbwa wangu. Sikuwahi kumwambia kwamba jambo hilo liliniuma, maana angefurahi.

Mwaka huo tulipata kazi ya kusanifu tangi jipya la machinjio ya mji mmoja ulio mwendo wa saa mbili kutoka Addis. Mlinzi na mwendeshaji wa mahali hapo alikuwa Gashe Lakew. Gashe ndivyo tunavyowaita wanaume waliotuzidi umri tukiwaheshimu, na huyu nilimheshimu kweli. Alikuwa mchinjaji zamani, kisha akahamia upande wa maji machafu, akajifunza tangi kwa pua na macho mpaka akajua limekula nini kwa kutazama rangi ya povu tu. Alikaa na mkewe katika nyumba ya vyumba viwili ndani ya uzio, nyumba ya kazi. Alibakiza miaka miwili na nusu apate pensheni yake. Mwendeshaji aliyemtangulia alifukuzwa tangi la zamani lilipooza, na vitu vyake vilitolewa nje ya geti kabla ya adhuhuri. Gashe Lakew aliijua habari hiyo vizuri, kwa sababu ndiye aliyesaidia kubeba kitanda.

"Mimi, mwanangu, siogopi kinyesi wala damu," aliniambia mara ya kwanza tulipokutana. "Naogopa kikao cha manispaa."

Mkataba ulisema sampuli za maji zichukuliwe wiki tatu mfululizo kuanzia tarehe fulani, na tarehe hiyo iliangukia katikati ya Hudade, mfungo mkubwa wa siku hamsini na tano kabla ya Pasaka. Katika siku hizo mji mzima hauli nyama wala maziwa wala yai. Wauza nyama hufunga maduka wakaenda kutembelea ndugu. Gashe Lakew alifanya alivyoagizwa. Alijaza chupa za plastiki za maji ya kunywa, akazibandika karatasi, na kwenye kila karatasi, chini ya tarehe, akaandika kwa kalamu nzito neno moja: Mfungo. Aliliandika mara ishirini na moja. Aliandika kwa ajili ya watu wenye akili, na chupa zikaja ofisini kwetu.

Majibu ya maabara yalikuwa meupe. Maji ya machinjio yalikuwa mepesi kuliko ya shule ya watawa. Dokta Fitsum aliyasoma akafurahi, akasema visahani mia sita vitatosha na tutaonekana tumeokoa umeme. Hesabu yangu mimi ilisema mia tisa.

Nilimwambia mchana ule ule, tukiwa mezani katika hoteli ya chini ya ofisi, watu sita tumezunguka sinia moja.

"Dokta, zile sampuli zimechukuliwa katikati ya mfungo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siku hizi wanachinja ng'ombe sita. Siku za kawaida ni sitini. Mkesha wa Pasaka sijui hata wanahesabuje."

Alimega injera, chapati yetu laini ya unga uliochachuka, akachota dengu, akatafuna kwa utulivu wa mtu anayejua anatazamwa. "Askale," akasema, "namba hazifungi."

Wenzangu wakacheka. Walicheka haraka kama watu wanaolipwa kwa kucheka, na nusu yao ndivyo walivyokuwa.

"Nimesanifu matangi ya machinjio katika nchi tatu," akaendelea.

"Nchi hizo zinakula nyama kila siku ya Mungu."

"Na wewe umesanifu katika nchi ngapi?" Aliwatazama wengine kwanza ndipo akanitazama mimi. "Wewe chora, mchoraji wangu. Kufikiri niachie mimi."

Akaniomba kalamu, akasaini majibu ya maabara pale pale mezani. Mkono wa kulia ulikuwa na dengu, wa kushoto unatia saini karatasi inayosema mji mzima hauna hamu ya nyama. Na juu ya sinia lile hapakuwa na kipande cha nyama wala tone la siagi, kwa sababu sote tulikuwa tumefunga, yeye akiwa wa kwanza, maana alipenda sana kuonekana amefunga. Mtu anaweza kuishi na jambo mdomoni mwake asilione. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limevishwa skafu.

Ningeweza kuishia kukasirika. Ningeweza pia kuandika barua moja kwa mji, mistari mitatu, na mtu yeyote aliyebatizwa angeielewa. Badala yake nilipanda ngazi mpaka meza yangu nikafungua mchoro.

Kuna desturi yangu ambayo sikufundishwa chuoni. Katika kila tangi, kila baada ya visahani viwili, ninaweka kwenye bomba tundu moja la akiba na kulifunga kwa kizibo. Gharama yake ni ndogo mno. Mji ukikua, au msanifu akikosea, watu wanamwaga tangi, wanafungua vizibo, wanakaza visahani vingine. Kazi hiyo haimalizi siku mbili. Mabomba hutoka kiwandani ng'ambo yakiwa na matundu yake tayari, kwa hiyo tundu lisilochorwa haliwezi kutobolewa baadaye kwa msumari. Matundu hayo hukaa kwenye karatasi ya nne ya michoro yangu, na Dokta Fitsum hakuwahi kufunua zaidi ya ile ya kwanza, yenye jina lake.

Nilikuwa nimekwisha kuyachora, matundu mia tatu. Mia sita na mia tatu ni mia tisa. Ningekuwa nimemwokoa bila yeye kujua, kama nilivyomwokoa mara nyingine nyingi. Jioni ile nikayafuta. Alitaka mia sita, basi apate mia sita, na siku aibu itakapomfika asiwe na hata tundu moja la kupenyea. Ilinichukua dakika ishirini, na sitadanganya, nilijisikia vizuri. Kisha nikachukua chupa moja ya Gashe Lakew yenye neno lake chini ya tarehe, nikaifungia kwenye droo. Nilikuwa naitunzia siku yake.

Wiki haikuisha Gashe Lakew akanipigia simu.

"Mwanangu, yale matundu yako umeniwekea? Kama ulivyofanya kule kwa wenzetu wa kiwanda cha ngozi?"

"Dokta hayataki, Gashe."

"Umemwambia mimi ndiye ninayelala pale?"

"Nimemwambia. Hayataki."

Dokta hakuwahi kuulizwa. Nilijiambia kwamba angeulizwa angekataa, kwa hiyo si uongo, ni ukweli uliotangulia kidogo. Mtu mwenye hasira hupata mantiki ya kila namna bure.

Ujenzi ulichukua karibu mwaka. Siku ya kujaribu hewa tulikwenda wote. Kwa desturi tangi hujazwa maji safi mpaka yapite juu ya visahani kwa upana wa kiganja, kisha mashine inawashwa, na watu wanazunguka ukingoni kutazama. Maji yakiwa machache hivyo hakuna kisahani kinachoweza kujificha: kilichopinda kinaonekana, kilichopasuka kinabubujika. Vyangu vilitoka sawasawa, vimesongana kwenye mlango wa kuingilia na kutawanyika kuelekea mwisho, na maji yote yakageuka meupe. Siwezi kusema haikuwa kazi nzuri. Dokta Fitsum alisimama mbele ya wageni, kitambaa chenye manukato mkononi, ilhali maji yalikuwa safi ya bomba na hayanuki chochote, akaeleza jinsi alivyopanga kila kisahani kwa mkono wake mwenyewe.

Gashe Lakew alikuwa amezunguka tangi mara mbili peke yake. Akaja kusimama kando yangu.

"Visahani naviona," akasema polepole. "Vizibo sivioni hata kimoja."

"Nilikwambia, Gashe."

"Ulinambia. Nilidhani utanifichia vichache." Akajikuna kidevu. "Stoo nina maboksi ya visahani vya akiba, mia tatu. Manispaa wamenunua kwa mazoea. Sasa nitavifunga wapi, kichwani?"

Niligeuka kutazama mapovu.

"Basi tumwombe Mungu atuongezee Hudade," akasema, akaenda kuzima mashine.

Tangi lilianza kazi wiki ya tatu ya mfungo wa mwaka huo mpya, na kwa wiki tano lilikwenda kama saa. Maji yalitoka meupe. Dokta alipeleka wageni kulitazama, akapiga picha, akaiweka kwenye fremu ukutani nyuma ya kiti chake. Kila asubuhi niliipita picha ile nikihesabu siku moyoni. Sikuwa nikingojea Pasaka kama Wakristo wengine.

Jumamosi ya mkesha walichinja ng'ombe mia tatu na kumi. Kondoo hakuna aliyewahesabu. Watu waliokuwa wamekula dengu siku hamsini na tano walikuwa wamepanga foleni ya nyama tangu alfajiri. Damu yote ya mji ikaingia tangini.

Jumatatu Gashe Lakew alinipigia simu, Jumanne nilikuwa pale. Harufu nilikutana nayo kabla ya kuona geti. Tangi lilikuwa jeusi, na juu yake limetanda povu la rangi ya ini. Gashe Lakew alikuwa hajabadilisha nguo tangu Jumamosi.

"Nimewasha mashine zote mbili," akasema. "Nikisukuma hewa zaidi, visahani vinatoa mapovu makubwa kama ya uji unaochemka, yanapanda mbio hayaachi hewa majini. Vimezidiwa, mwanangu. Ni vichache." Akaonyesha kijito nje ya uzio, kilichokuwa kikitiririka chekundu kuelekea mashamba ya vitunguu. "Watu wa vitunguu wamekwenda manispaa asubuhi. Kikao ni kesho."

Mkewe alikuwa mlangoni akipepeta mchele wa sikukuu ambao hakuna aliyekuwa na hamu nao. Alinisalimu kwa heshima. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwamba nina kitu cha kuuonyesha mkutano. Nilisema hivyo kwa furaha, na furaha yenyewe ndiyo inayoniaibisha zaidi leo.

Kikao kiliongozwa na Weizero, yaani Bibi, Tiruwerk, mama mmoja mkavu aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuingia manispaa. Dokta Fitsum alisema kwanza, na alisema nilivyotarajia.

"Usanifu hauna tatizo. Wiki tano tangi limefanya kazi bila dosari, picha ninazo. Tatizo ni uendeshaji. Mzee huyu hana elimu ya mashine hizi. Kwetu kule mtu kama yeye haruhusiwi hata kushika swichi."

Gashe Lakew alikuwa amekaa na kofia magotini.

Nikasimama. Nilitoa chupa kwenye mkoba, nikaiweka mbele ya Weizero Tiruwerk.

"Tafadhali soma kilichoandikwa chini ya tarehe."

"Mfungo," akasoma.

"Dokta alipima maji ya machinjio wakati mji haukuwa unachinja. Nilimwambia. Alisema namba hazifungi. Alisema hivyo akila dengu."

Kule nyuma mtu wa vitunguu alicheka kwa nguvu, na wengine wakafuata. Uso wa Dokta ulipauka, skafu ikaanza kumbana. Nilikuwa nimeingojea sura ile mwaka mzima na zaidi, na ilikuwa tamu kama nilivyodhani. Ikanikalia moyoni pengine kwa nusu dakika.

Weizero Tiruwerk aliigeuza chupa mkononi. "Hii umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Hudade ya mwaka jana."

"Na umeileta leo."

Nilifunga zipu ya mkoba.

"Haya, Dokta amekosea kupima," akasema. "Ofisi yake itawajibika, tutaonana na wanasheria. Nataka kujua jambo dogo. Kiwanda cha ngozi nao walikosea kupima miaka minne iliyopita. Niliambiwa waliongeza visahani siku mbili wakamaliza, kwa sababu mabomba yao yalikuwa na matundu ya akiba. Kwetu sisi visahani mia tatu vimekaa stoo. Matundu yako wapi?"

Dokta Fitsum alinyanyua mikono. "Matundu gani?"

"Ya akiba. Gashe Lakew anasema wewe uliyakataa."

"Mama, mimi sijui hata yanafananaje. Sijawahi kuulizwa habari ya matundu. Muulize aliyechora."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu yule alikuwa anasema kweli, na ilionekana. Ujinga wake ulikuwa safi kabisa. Chumba kizima kikanigeukia mimi. Gashe Lakew naye akageuka, taratibu, na macho yake hayakuwa na ukali wowote.

"Ulinambia amekataa," akasema.

"Niliyafuta mimi," nikasema. "Nilikuwa nimeyachora, nikayafuta."

"Kwa nini?" akauliza Weizero Tiruwerk.

Nilitafuta jibu la kitaalamu sikulipata. "Nilitaka akwame," nikasema.

Hakuna aliyecheka mara hii. Weizero Tiruwerk aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake, kisha akaanza kusoma kanuni. Mabomba yote yatang'olewa, mengine yaagizwe, machinjio yafungwe miezi minne. Kuhusu mwendeshaji, kanuni inasema tangi likizidiwa afunge lango la machinjio. Hakulifunga, na mashamba yameharibika.

"Ningefungaje Pasaka, mama?" Gashe Lakew akauliza.

"Najua," akasema, na nadhani alijua kweli. "Lakini Dokta si mwajiriwa wetu, wala huyu dada. Wewe ndiye uliyeandikwa kwenye kitabu chetu." Gashe alibakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa apate pensheni. Akastaafishwa siku ile kwa barua ya mistari minne, na nyumba ikatakiwa ifikapo Jumamosi.

Dokta hakunifukuza. Nani angemchorea? Njiani kurudi Addis aliniambia kosa kama lile ni la kawaida kwa mchoraji, akashusha kioo apate hewa. Nimemdharau mtu yule kwa kila kiungo cha mwili wake, na bado ninamdharau. Lakini yeye alimwangusha Gashe Lakew kwa kutojua. Mimi nilijua mpaka idadi ya matundu.

Jumamosi nilikwenda na gari la kukodi. Vitu vyao vilikuwa vimepangwa vizuri nje ya geti: magunia mawili, jiko, birika la kahawa limefungwa kwa mtandio wa mkewe, na kitanda kimeegemezwa ukutani. Mkewe hakunisalimu. Gashe Lakew alikuwa akifunga kamba. Nilishika upande mmoja wa kitanda nikamwambia nimekuja kusaidia.

Aliniangalia, akauondoa mkono wangu kwenye ubao kwa upole, kama mtu anayemwondolea mgeni mzigo usiomstahili.

"Asante, Inginia Askale," akasema. "Usijichafue. Wabebaji wapo."